Kuhusu pipa la thina

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi, na hongera kwa karakana mpya ya fanicha hapo Keko. Umeniuliza pipa la thina, ile ya kuzimulia rangi na vanishi, likae wapi. Nje, kivulini, mbali na mashine ya kuchomelea. Lakini mahali ni jambo dogo.

Thina nyingi zina tolueni, kiyeyusho chepesi kuwaka, nayo hutoa mvuke wa kushika moto kuanzia nyuzi joto 4 tu. Kwa joto la Dar, mvuke upo saa zote. Huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.1 na 7.1 ya hewa. Sasa piga hesabu: ndani ya chombo kilichofungwa, kwenye nyuzi 30, mvuke wa tolueni hufikia karibu asilimia 5. Hapo ndipo pabaya kabisa. Pipa linaloitwa tupu, lenye mabaki kidogo chini, naliogopa kuliko lililojaa, maana lote limejaa mchanganyiko huo wa mvuke na hewa. Fundi akilikata kwa gesi au grainda, linaweza kumlipukia usoni. Usiwauzie watengeneza majiko; lifunge kizibo, umrudishie aliyekuuzia.

Halafu kumimina. Tolueni ikitiririka hujijaza umeme tuli, na kwa kuwa haipitishi umeme vizuri, chaji hujikusanya mpaka cheche iruke. Achana na ndoo za plastiki. Tumia debe la chuma. Funga waya wenye vibanio kutoka pipa hadi debe, na mwingine kutoka pipa hadi nondo iliyochimbiwa ardhini. Kwangua rangi pale kibanio kinapouma, la sivyo ni pambo tu. Waya hufungwa kabla ya kufungua kizibo, hutolewa baada ya kukifunga.

Ndani ingiza thina ya siku hiyo tu. Mvuke wake ni mzito mara 3 kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kupita chini ya mlango hadi kwenye jiko la mkaa la mama lishe jirani. Kwa hiyo matundu ya hewa yawe chini. Feni ya kawaida isukume hewa safi kuingia. Ikivuta mvuke, inaupitisha kwenye mota yenye cheche. Thina ikimwagika usiguse swichi, hata ya kuzima. Mwaga mchanga. Kizimamoto kiwe cha poda au povu, maana thina huelea juu ya maji na moto husambaa nayo.

Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Nunua zenye vichujio vya mkaa. Na vijana wasinawe mikono kwa thina, mafuta ya kula na sabuni vinatosha.

Nitumie vipimo vya chumba nikuchoree matundu.

Wako,
Salum