Barua kwa Rehema, kuhusu stoo iliyofunguka tupu

Tanga,
Jumapili jioni

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi zikufikie hapo Morogoro, wewe na wanao. Huku sote wazima, ila mvua ndiyo haitupi nafasi hata ya kuanika nguo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na nimeona nikujibu kwa maandishi, maana amri za kompyuta ukimsomea mtu kwa simu ni kama kumsomea namba za vocha, herufi moja ikiponyoka kazi yote bure.

Kwanza, dawa zako hazijapotea. Ulichonieleza ni kwamba programu ya stoo ya duka lako la dawa ukiianzisha kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ina bidhaa zote, lakini Juma wa dukani akibofya ile ikoni uliyoitengeneza kwenye deskitopu inafunguka tupu, na inamwomba aandike jina la duka upya kama vile imeletwa leo. Programu ni ileile. Kinachotofautiana ni Wine, ile inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, imeambiwa nini wakati wa kuianzisha.

Unakumbuka tulipohamisha ile mashine kwenda Linux baada ya Microsoft kusitisha huduma za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025? Hiyo programu ni ya Windows na aliyeiandika hapatikani tena, kwa hiyo tuliiweka ndani ya Wine. Sasa Wine haiigizi kompyuta nzima. Inapokea maombi ambayo programu ingeyapeleka kwa Windows na kuyatekeleza kwa njia za Linux. Ili programu isishtuke, Wine huitengenezea diski C ya bandia, ambayo kwa kweli ni folda tu inayoitwa drive_c, pamoja na rejista yake, yaani daftari la mipangilio ya Windows. Folda inayobeba vyote hivyo ndiyo wanayoiita prefiksi. Usipoitajia Wine prefiksi yoyote, inakwenda kwenye folda iliyofichwa nyumbani kwako, ~/.wine. Ukitaka itumie nyingine, unaitajia kwa kigeu cha mazingira kiitwacho WINEPREFIX.

Vigeu vya mazingira havina uchawi. Ni jina, alama ya sawasawa na thamani, basi. Programu hukabidhiwa orodha yake inapoanzishwa, na hurithi kutoka kwa aliyeianzisha. Terminali yako ina WINEPREFIX kwa sababu uliiandika kwenye faili la .bashrc, na .bashrc husomwa terminali inapofunguliwa. Ikoni haipiti huko. Inaanzishwa na deskitopu, ambayo haijawahi kukisikia hicho kigeu chako. Kwa hiyo Juma akibofya, Wine inakwenda ~/.wine, inaona hakuna kitu, inatengeneza diski C mpya, kisha inaendesha stoo.exe humo.

Hapo ndipo unajiuliza, mbona basi programu inafunguka na haisemi haipo? Kwa sababu kwenye ikoni umeitaja kwa njia ya Linux, /home/rehema/duka/drive_c/Stoo/stoo.exe. Wine ina herufi ya diski Z inayoelekea kwenye mzizi wa Linux yote, kwa hiyo faili linapatikana bila shida. Lakini stoo.exe ikishaamka inatafuta data zake kwenye C, na C iliyo mbele yake ni ile ya ~/.wine. Angalia mwenyewe:

ls ~/duka/drive_c/users/rehema/AppData/Roaming/Stoo
ls ~/.wine/drive_c/users/rehema/AppData/Roaming/Stoo

Utakuta mafaili ya data pande zote mbili, la kwanza likiwa kubwa na la pili dogo. Na ile ripoti ya PDF uliyosema unaiona kote kote isikuchanganye. Wine kwa kawaida huunganisha My Documents na folda ya Documents ya Linux, kwa hiyo prefiksi zote mbili zinachungulia mahali pamoja.

Sasa dawa yake. Wengi watakwambia WINEPREFIX ihamishie kwenye faili linalosomwa unapoingia kwenye mashine, ili deskitopu nayo ikijue. Itafanya kazi, lakini mimi siipendi kabisa. Kesho ukiweka programu nyingine ya Windows, nayo itamwagwa kwenye prefiksi ya duka, na siku ikiharibu rejista mnaharibikiwa wote. Mimi kila programu huipa prefiksi yake na skripti yake ya kuianzishia, yaani faili la amri zinazotekelezwa kwa mfuatano, na nje ya skripti hiyo sitaki kuona kigeu cha Wine popote. Kwa hiyo ifute ile mistari kwenye .bashrc, kisha andika faili /home/rehema/bin/stoo lenye haya:

#!/bin/sh
export WINEPREFIX=/home/rehema/duka
export WINEDEBUG=-all
export LC_ALL=en_GB.UTF-8
cd "$WINEPREFIX/drive_c/Stoo" || exit 1
exec wine 'C:\Stoo\stoo.exe'

Lipe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x, halafu kwenye faili la ikoni mstari wa Exec uwe hivi tu:

Exec=/home/rehema/bin/stoo

Njia iandike kamili, kuanzia mkwaju wa kwanza. Usiweke ~ kwenye Exec, wala ndani ya alama za nukuu kwenye skripti, maana hapo hakuna wa kuigeuza kuwa /home/rehema. Kwenye skripti, Wine itapokea hiyo alama ya wimbi kama ilivyo na kugoma, ikisema WINEPREFIX si "absolute path". Kwenye terminali ungeuona ujumbe huo. Kwenye ikoni huoni chochote: unabofya, kimya, unabofya tena, kimya. Nimeshaletewa mashine ambayo mwenyewe aliapa kipanya ndicho kibovu.

Mstari wa LC_ALL nimeuweka makusudi, na huu ndio unaonitia wasiwasi kuliko hata ile stoo tupu. Wine huchukua lugha na mtindo wa tarehe kutoka vigeu vya lugha vya Linux. Mashine yako tuliiacha kwa Kiingereza cha Marekani, ambacho huanza na mwezi. Shoga yangu, wewe unauza dawa. Juma akiandika 04/07 akimaanisha tarehe nne Julai, programu inapokea Aprili saba, na dawa nzima itaondolewa rafuni kabla ya wakati. Kinyume chake ni kibaya zaidi: 07/04 yake itakuwa Julai nne, na iliyokwisha muda itabaki ikiuzwa. Tarehe kama 25/07 programu itaikataa, angalau hapo mtu anashtuka. Zilizo chini ya kumi na tatu ndizo zinazopita kimyakimya. Ukiweka en_GB, yaani Kiingereza cha Uingereza, siku inatangulia. Kabla ya hapo andika locale -a uone kama en_GB imo kwenye orodha, kwa sababu lugha ambayo haijatengenezwa kwenye mashine haitafuatwa hata ukiitaja. Isipokuwemo, kwenye Debian na Ubuntu inaongezwa kwa sudo dpkg-reconfigure locales. Kisha fungua dawa ambazo tarehe zake unazijua, shika na boksi mkononi, ulinganishe.

WINEDEBUG=-all kazi yake ni kunyamazisha zile fixme zilizokutisha. Fixme ni wenye Wine wanajiandikia kwamba kipande fulani hakijakamilika, na mara nyingi programu yako haikihitaji. Siku ikigoma kweli, uutoe mstari huo kwanza, uendeshe skripti kwenye terminali, unipigie picha mistari inayoanza na err. Ukiniletea malalamiko huku umeizima midomo sitakuwa na pa kushika.

Kuhusu risiti. Umesema stoo inaita kiprogramu kingine, risiti.exe, kilichoko C:\Risiti, nayo inajibu haikioni ingawa uliongeza folda hiyo kwenye PATH, ile orodha ya folda ambamo programu hutafutwa, ndani ya .bashrc. Hapa Wine ina utaratibu wake. Vigeu vingi vya Linux inavipitisha hadi ndani ya Windows bila kuvigusa. Jaribu hiki uone:

DUKA=moro wine cmd /c echo %DUKA%

Itakujibu moro. Lakini PATH haiipitishi, na ina haki, kwa sababu PATH ya Linux imejaa njia kama /usr/bin zilizotenganishwa kwa nukta mbili, ambazo programu ya Windows haijui izifanyeje. HOME, TEMP na TMP nazo zinazuiwa vivyo hivyo. PATH ya upande wa Windows inakaa kwenye rejista ya prefiksi husika. Andika:

WINEPREFIX=/home/rehema/duka wine regedit

Shuka HKEY_LOCAL_MACHINE, System, CurrentControlSet, Control, Session Manager, Environment. Utaikuta PATH imeanza na C:\windows\system32. Usifute kitu. Nenda mwisho wa mstari, ongeza ;C:\Risiti na hiyo nukta mkato mbele yake, kisha sawa. Funga regedit, funga stoo kama ilikuwa wazi, kwa sababu programu iliyokwisha kuamka haibadilishiwi orodha yake ikiwa katikati ya kazi. Ianzishe upya. Kuhakiki:

WINEPREFIX=/home/rehema/duka wine cmd /c echo %PATH%

Yale mengine uliyonakili mtandaoni yafute. WINEARCH=win32, ambayo huagiza prefiksi ya biti 32, husikilizwa prefiksi inapozaliwa tu, na yako imekwisha kuzaliwa; kuiandika leo kunaleta ugomvi tu. Tena tangu Wine 9.0 ya Januari 2024 kuna mpangilio mpya unaoendesha programu za biti 32 ndani ya prefiksi ya biti 64, na Wine iliyojengwa hivyo inaikataa win32 waziwazi. Mradi huu umeanza mwaka 1993, ukafika toleo la 1.0 mwaka 2008, kwa hiyo ushauri uliozagaa mtandaoni una umri wa kila aina na hauandikwi tarehe usoni. WINEDLLOVERRIDES nayo iache. Ni ya kuiambia Wine itumie maktaba ya DLL iliyoletwa na programu au ile yake yenyewe, na yako haina tatizo hilo. Na tafadhali usianzishe Wine kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mashine, hata ukikasirika vipi. Mafaili yatakuwa mali ya root, halafu Juma akibofya programu itashindwa kuyaandika.

Limebaki la mauzo ya Jumatatu, ambayo Juma aliyaingiza kwenye ile stoo tupu. Yapo, ndani ya ~/.wine. Usilichukue lile faili dogo ukaliweka juu ya kubwa, utafuta stoo nzima. Wala usiifute ~/.wine kwa hasira. Fanya nakala ya folda ya duka kwenye flashi kwanza. Kisha ifungue ile tupu kwa makusudi, skripti usiiguse:

WINEPREFIX=/home/rehema/.wine wine /home/rehema/duka/drive_c/Stoo/stoo.exe

Chapisha orodha ya mauzo, funga, fungua ya kweli kwa ikoni mpya, na Juma aingize yale mauzo kwa mkono kutoka kwenye karatasi. Ile tupu ina mtindo wa tarehe wa Marekani bado, kwa hiyo akisoma tarehe za kwenye karatasi akumbuke mwezi uko mbele. Mkimaliza na hesabu ya fedha ikikubaliana na daftari, niambie, nitakuelekeza namna ya kuiondoa ~/.wine ili isije ikamchanganya mtu mwingine.

Msalimie mama, mwambie ile dawa ya magoti nimeipata na nitamtumia kwa basi la Jumatano.

Shoga yako,
Mwanaidi