Risala kwa Mgeni wa Heshima: Makombo ya Jikoni Kuwa Nishati Melini

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu shuleni kwetu. Nairobi haina bahari, lakini maganda yanayorundikana soko la Marikiti na makombo ya meli zinazotia nanga bandari ya Kilindini, Mombasa, huoza kwa njia moja na kutoa gesi ile ile. Ndiyo maana pipa hili la lita 200 lililo mbele yako, la kuozesha makombo, linahusu meli.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi hujidanganya. Tani moja ya makombo hutoa takriban mita 100 za ujazo za biogesi, yaani gesi ya vitu vinavyooza, na asilimia 60 hivi ni methani, sehemu inayowaka. Nguvu yake ni kama ya lita 60 za dizeli. Meli ya abiria 3,000, kila mmoja akibakiza nusu kilo kwa siku, itapata nguvu ya lita 90 za dizeli kwa siku. Injini kubwa ya meli hunywa mafuta kwa tani. Basi gesi hii ni ya boila na majiko. Anayeahidi kusukuma meli nayo aonyeshe hesabu zake.

Makombo hutolewa mifupa na plastiki, husagwa, kisha huingia tangi lisilo na hewa kwa siku 20 hadi 30, nyuzijoto 35 hadi 38. Joto hilo halinunuliwi: maji yaliyopoza injini yanalitosheleza. Jikoni pakisafishwa kwa maji ya bahari, chumvi hudhoofisha bakteria wanaotoa gesi, kwa hiyo yatumike maji matamu. Adui mkubwa zaidi ni asidi. Mkate na wali huchacha upesi kuliko bakteria wa methani wanavyoweza kuila asidi hiyo, na pH, kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi ikizidi, ikiwa chini ya 6.5 gesi hukatika. Hapo mwendeshaji huongeza chakula, akidhani tangi lina njaa! Dawa ni kuacha kulilisha siku kadhaa na kutia magadi kidogo kidogo. Meli ikiyumba nayo, povu hupanda likaziba bomba, hivyo tangi lisijazwe hadi juu.

Gesi mbichi hunuka yai viza. Hiyo ni hidrojeni salfaidi, na ikiungua huzaa asidi inayokula silinda. Huchujwa kwa kupitishwa katika nyuzi za chuma chenye kutu. Chuma kilichotumika kisifunuliwe ghafla, kwani kikikutana na hewa hupata joto hata kuwaka.

Methani yenyewe hulipuka ikipata cheche inapofika asilimia 5 hadi 15 ya hewa, na ikivuja hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Tangi linalovuja ni heri lisingejengwa.

Mheshimiwa, tunaomba vitu viwili: kipima pH na king'ora cha hidrojeni salfaidi. Pua haitoshi. Gesi hiyo ikizidi huua uwezo wa kunusa, na aliye karibu hudhani imekwisha.