Juu ya nini tunalipisha kwa kurudisha michezo ya zamani mu Windows ya sasa

Kuko neno moja tunasikia sana hapa ku ateliye: "Dola 10 juu ya kukopia fishye moja tu?" Juzi kijana mmoja wa Katuba alilisema mbele ya bakiliya bengine, sauti juu, eti tulimwibia, juu alituona tunaweka kafishye kadogo mu dosye ya muchezo wake na muchezo ukafunguka pale pale. Alilipa lakini alitoka na kasirani, na jioni aliandika mu grupu ya WhatsApp ya kartiye kama tuko bezi. Basi nitaeleza hapa hii kazi inaenda namna gani, juu sitaki mutu mwingine awaze vile, na juu nasikia uchungu kuona batu banapoteza makuta fasi ingine mbele ya kufika kwetu.

Michezo yenyewe haikuharibika. Age of Empires II ilitoka 1999, GTA Vice City ilifika ku ordinateri 2003, GTA San Andreas 2005, PES 6, ule wa mupira, ni ya 2006. Benye kuitengeneza baliifanya kwa Windows 98 na XP, kwa ekra za mraba, kwa karte grafiki za wakati ule. Tangu Microsoft iliacha kutunza Windows 10, tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, batu mingi balipandisha mashini ku Windows 11 ao balinunua laptopu ya kutoka Ulaya, na sasa banashangaa muchezo wa utoto wao haufunguke. Kila muchezo unagonga fasi yake. Kazi yetu ni kujua ule unagonga wapi, na ile haionekane kwa macho.

Chukua sidi ya orijinali. Mutu anakuya nayo na kiburi, mujomba wake alimutumia toka Bruxelles, iko safi, haina hata mukwaruzo, anaiweka na hakuna kitu kinatokea. Sidi mingi za miaka ile zilifungwa na kitu kinaitwa SafeDisc, na SafeDisc ilitumia draiva moja (kaprogramu ka kusaidia) ndani ya Windows, secdrv. Draiva ile ilikuwa na kasoro ya usalama, Microsoft ikaitoa kabisa mu Windows 10 mwaka 2015, na mwezi wa 9 wa mwaka ule ule ikaizima na mu Windows za zamani kwa mizajuri. Kwa hiyo sidi yako ni nzima, mashini ni nzima, lakini ile ya kufungua kufuli haiko tena. Njia ya kweli iko: michezo fulani ilipata mizajuri rasmi ya kutoa kufuli, StarCraft na Warcraft III zilipata yao 2008, na mingi ingine inauzwa leo ku GOG, duka la michezo ku intaneti, bila kufuli yoyote, mara mingi kwa dola chache. Tunaanzia pale. Kama haiko, tunakuambia haiko, na hatuchukue makuta yako.

Lakini batu banapenda njia ya mukato. Mwanafunzi mmoja alikuya kwetu usiku karibu tunafunga, laptopu mu mufuko wa plastiki. Alifuata video fulani, akazima ile ulinzi wa Windows inakataa draiva zisizo na saini, akazima na antivirusi juu video ilimwambia azime, halafu akaweka kraki (programu ya kuvunja kufuli ya muchezo) aliyopewa mu flashi ya rafiki. Muchezo ulifunguka kweli, alicheza siku mbili hivi. Kisha fishye zake zote zikabadilika majina, hakuna hata moja inafunguka, na TFC yake, kazi ya mwisho wa masomo, ilikuwa mule, sura tatu zilizokwisha kusahihishwa, na kopi ingine haikuwa. Tulitengeneza mashini, TFC hatukuweza. Ile siku alilipa mara tano ya bei tungemuomba kwa muchezo peke yake, na sura zake alianza kuandika upya. Nikisikia mutu anasema kraki ni bure, namuwaza yule kijana.

Shida ya pili ni zile DLL, fishye za kusaidia zenye muchezo unaomba ili ufunguke. Ekra inaandika kama d3dx9_43.dll haiko, basi mutu anaenda ku intaneti, anatafuta ile jina, anatelesharje fishye moja toka fasi asiyoijua, anaitupa mu System32, dosye ya Windows yenyewe. Kesho inaomba ingine, anatafuta tena. Kiliya mmoja alituletea mashini yenye DLL za kuokota zimejaa mule, zingine za toleo lisilofaa, mpaka na programu ya kazi ya bibi yake ikakataa kufunguka. Na dawa ni moja: paketi ya DirectX (ile inasaidia michezo kuchora picha mu Windows) ya mwezi wa 6 mwaka 2010, toka kwa Microsoft wenyewe, haifike mega 100, inaweka zote kwa mara moja, na haiondoe DirectX mupya iliyo mule. Ile sitaki hata unilipe. Fanya mwenyewe kwako.

Sasa turudi ku kafishye ka yule wa Katuba. Muchezo wake ulikuwa Age of Empires II ya sidi, ile ya 1999. Ulikuwa unafunguka lakini majani mekundu, maji yanageuka zambarau, na suri inakokota. Muchezo ule unachora kwa rangi 256 tu, kupitia DirectDraw, sehemu ya zamani ya DirectX, na Windows za sasa haziheshimu tena ile namna ya zamani ya kupanga rangi. Kwa hiyo tunaweka ddraw.dll ingine mu dosye ya muchezo (mu dosye ya muchezo, si mu System32!), yenye kupokea amri za zamani na kuzigeuza ziingie ku karte grafiki ya leo. Kuko zaidi ya moja, kuko cnc-ddraw, kuko dgVoodoo, na ile inapendeza muchezo huu inaweza kuua ule mwingine. Kisha unaweka kipimo cha picha ili askari basivutike kwa upana wa ekra, unafunga hesabu ya picha kwa sekunde, halafu unacheza. Ndiyo, tunacheza, saa nzima, tunasave na kufungua tena, juu muchezo kufunguka si kazi kuisha, mingi inaanguka dakika ya ishirini. Yeye aliona mwisho tu. Ile saa ya mbele alikuwa ameenda kula.

Kuko na makosa yenye hata fundi wa nguvu hawezi kuyaona kwa macho. Windows 11 ya 24H2 ilipofika, ndege ya maji ya San Andreas, Skimmer, ikapotea. Haikuye tena fasi yake, na ukiilazimisha ikuye, CJ, yule unacheza naye, anarushwa juu mawinguni mpaka namba ya urefu haisomeke. Batu balilaumu Microsoft. Mutu mwenye kutengeneza SilentPatch, programu ya kurekebisha makosa ya michezo ya GTA, alichimba na kueleza mu 2025: kosa lilikuwa mu muchezo tangu siku ya kwanza. Mu fishye ya magari, mustari wa Skimmer unakosa hesabu za ukubwa wa magurudumu, muchezo ulikuwa unachukua tu namba zilizobakia mu memwari toka gari lililosomwa mbele, na kwa bahati Windows za zamani hazikuzigusa. Miaka makumi mbili! Ile kazi naiheshimu sana, na ndiyo juu San Andreas haitoke hapa bila SilentPatch. Pia usiondoe kizuizi cha picha kwa sekunde mu ule muchezo eti unataka iende mbio, CJ atashindwa kuogelea muzuri.

"Niwekee tu XP, papa." Hapana. Microsoft iliacha kuitunza 2014, laptopu ya mupya haina draiva zake, utabaki bila sauti, bila Wi-Fi, na benki yako ku intaneti unaifungulia mule mule. Kama unataka XP, leta mashini ya zamani, tutaisafisha na kuiweka bila intaneti, ile itakuwa kazi nzuri na nitaifanya na roho yote.

Neno la save, zile fishye zenye kuchunga fasi ulifikia na vitu ulitengeneza mu muchezo. Kuko papa mmoja alitengeneza kwa mukono, mu PES 6, timu nzima ya Mazembe ya 2010, ile ilicheza fainali ya dunia na Inter, Kidiaba mu golo, Kabangu na Kaluyituka mbele, na manguo ya timu. Fundi wa bei kidogo alimuformatia mashini bila kumuuliza kitu. Save za PES 6 zinakaa mu dosye KONAMI, mu Documents, si mu muchezo, na yule fundi alikopia muchezo tu. Zingine zinajificha zaidi: muchezo uliowekwa mu Program Files unaandika mu VirtualStore, dosye ya kujificha ya Windows, fasi mutu hajawahi kufungua. Sisi tunatafuta zote mbele ya kugusa kitu, na michezo tunaiweka mu C:\Jeux ili ile fujo isirudie.

Bei basi. Kuangalia muchezo unagonga wapi ni dola 3, na ukikubali kazi tunazitoa mu bei. Muchezo mumoja ni dola 10, wa pili mu mashini ile ile ni 6. Klavye ya AZERTY tunakupangia bila makuta, juu michezo mingi inataka W na A fasi zenye wewe uko na Z na Q. Ukirudi mu miezi tatu juu mizajuri ya Windows imeharibu, hatulipishe. Leta sidi yako, sharja, na suri kama unapenda ya kwako, na kama umekwisha kujaribu kitu usione haya, tuambie ni nini ulizima na nini ulitelesharje, ile itatupunguzia kutafuta. Na kama kuko save unaipenda, usiguse tena kitu, leta mashini vile iko.