Kadi ya kliniki yenye visanduku vitupu

Mhariri,

Kila huduma za uzazi zinapozungumzwa, hutajwa idadi ya wajawazito waliohudhuria kliniki. Tunaomba itazamwe na kadi yenyewe. Wajawazito wawili huwa na mahudhurio manne manne, lakini kadi ya mmoja imejazwa yote, ya mwenzake ina visanduku vitupu penye mkojo, wingi wa damu na kaswende.

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio yasiyopungua 8, la kwanza kabla ya wiki ya 12. Mama anayeishi kwa kibarua hufika mwezi wa tano au wa sita. Asiitwe mzembe: siku ya kliniki hana ujira, nauli ni ya kwenda na kurudi, na mara nyingi mwenye kauli juu ya fedha si yeye. Ila kaswende haimsubiri. Ikijulikana mapema hutibika kwa sindano ya penisilini. Ikichelewa, mtoto huweza kuzaliwa mfu.

Tazama kijiti cha kupimia mkojo. Huchovywa, husubiriwa kidogo, kisha rangi yake hulinganishwa na zile za ubavuni mwa kopo. Baada ya wiki ya 20, protini kwenye mkojo pamoja na presha ya 140/90 kwenda juu ni dalili ya hatari inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Vijiti vikiisha, mama huambiwa akapime nje. Mwenye fedha hurudi na majibu siku hiyohiyo. Asiye nazo huenda zake nyumbani, na kifafa humkuta huko.

Presha nayo ina dhuluma yake. Aliyetembea saa mbili akipimwa papo hapo, huonekana iko juu, huambiwa ni uchovu, basi. Akae kwanza dakika 5, mgongo umeegemea, mkono uwe usawa wa moyo, ndipo apimwe. Ikiwa juu, irudiwe kabla hajaondoka. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, kipimo hudanganya vilevile.

Kila kituo kitoe taarifa ya visanduku vitupu kila mwezi, pamoja na siku ambazo vijiti havikuwepo, na viagizwe kabla kopo la mwisho halijafunguliwa. Mama apokelewe siku yoyote afikayo, apimwe vyote siku hiyo. Kumwambia "rudi Alhamisi" ni kumtoza nauli ya pili.

Wauguzi wakunga