Barua ya wazi kwa vijana wa vijiweni na wa magrupu ya simu, Mtwara na Lindi

Wanangu na wajukuu zangu wa Shangani, Chuno, Mikindani, Newala, Masasi, Nachingwea hadi Kilwa,

Assalaam alaykum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Nawaandikia kuhusu zile habari zinazoingia kwenye simu zenu jioni, kahawa ikiwa mkononi: mtoto wa mtaa fulani amebakwa, au amelawitiwa, picha yake hii hapa, jina la mtuhumiwa hili hapa. Damu inawachemka, na ina haki ya kuchemka. Lakini lazima niwaambie wazi kwamba yale tunayoyafanya kwa hasira katika saa za mwanzo ndiyo mara nyingi yanayomtoa mkosaji mahakamani akiwa huru.

Nianze na picha. Kusambaza picha ya utupu ya mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na nia yako ya kulaani haikusafishi. Hata ukimfunika uso, sare ya shule, jina la mama au mlango wa nyumba vinatosha kumtambulisha katika miji yetu hii ambayo kila mtu anamjua mwenzake. Huyo mtoto Jumatatu anarudi darasani na watoto wenu.

Picha ya mtuhumiwa nayo ina madhara ambayo wengi hamyajui. Ikiwa mtoto hakuwa anamfahamu mtu yule, polisi watapanga gwaride la utambulisho, achague mwenyewe kati ya watu wanaofanana. Sasa kama sura ile imeshazunguka kwenye simu za mtaa mzima na mtoto ameiona, wakili wa utetezi atauliza swali moja tu: ulimtambua kwa tukio au kwa simu? Gwaride limekwisha nguvu hapo. Vivyo hivyo majina. Msimtajie mtoto majina mkimuuliza "ni fulani?", na asipangiwe foleni ya shangazi, jirani na mjumbe kila mmoja akimhoji upya. Mtu mmoja anayemwamini amuulize, "Nini kimetokea?", kisha amsikilize. Mahakama zetu huupa uzito mkubwa ushahidi wa aliyemtaja mtuhumiwa mapema, kwa hiyo yule wa kwanza kuambiwa na mtoto ni shahidi. Aandike siku, saa na maneno yaleyale ya mtoto, bila kuyapamba.

Mtoto mwenyewe apelekwe hospitali haraka. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nafasi. Zikianza, zinanywewa siku 28 bila kuruka. Kwa msichana aliyevunja ungo, dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120. Aliye karibu na hospitali ya Ligula (Mtwara) au ya Sokoine (Lindi) aende huko, aliye mbali aanzie kituo cha afya kilicho jirani. Fomu ya polisi, PF3, inatolewa kituoni bila malipo na inajazwa na daktari, ila kituo kikiwa mbali mtangulizeni mtoto kwa daktari. Tiba ya dharura haingoji karatasi.

Kosa linaloumiza zaidi ni la mama mwenye huruma: anamwogesha mtoto na kuloweka nguo. Tunamwelewa, lakini sabuni inaondoa ushahidi. Mtoto asiogeshwe kabla ya kuonwa na daktari. Nguo zisifuliwe wala zisikung'utwe. Kila nguo iwekwe peke yake kwenye mfuko wa karatasi, ule wa khaki wa dukani unafaa. Mfuko wa plastiki unafungia unyevu, nguo inaota ukungu, na ushahidi unaharibika. Ikiwa ni mbichi, ianikwe kivulini kwanza, ndani, pasipo mikono ya watu.

Jambo jingine dogo limeangusha kesi nyingi: umri. Makosa haya yanategemea kuthibitisha kwamba mtoto yuko chini ya miaka 18, na kwa kubaka adhabu inabadilika akiwa chini ya miaka 10. Kwa hiyo tafuteni cheti cha kuzaliwa. Kama hakipo, kadi ya kliniki. Kama nayo haipo, mzazi aweze kutamka mahakamani tarehe, mwezi na mwaka wa kuzaliwa. "Anakaribia kumi na nne" haitoshi.

Hapa nawageukia wazee wenzangu, maana vijana wanajifunza kwetu. Kikao cha ukoo kinachoishia kwa fedha ya kufuta machozi hakina mamlaka yoyote juu ya kesi hii. Jinai ni ya Jamhuri. Kanuni ya Adhabu inatoa kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kubaka, na cha maisha kwa aliyembaka msichana wa chini ya miaka 10. Sisi ni nani tuibadilishe kuwa laki mbili? Wala msimwoze binti kwa aliyemharibu. Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inatoa miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Na nisikike vizuri katika hili: kuchezwa unyago hakumfanyi mtoto wa miaka 13 kuwa mke wa mtu. Somo na nyakanga, walimu wa unyago, wanalijua hilo, wazee tulitamke hadharani.

Kuhusu kumpiga mtuhumiwa au kuchoma nyumba yake sitaandika mengi. Akifa, nyinyi ndio washtakiwa wa mauaji. Akiwa siye, aliyefanya bado yuko mtaani.

Habari ikiwa haina mtaa, haina tarehe, au imeandikwa "imetumwa kama ilivyopokelewa", msiipeleke popote. Mpigieni mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, au ulizeni kituo cha polisi. Habari za zamani hurudishwa na jina jipya la mji, na kuna mtu asiye na hatia anayeishi katika mji huo. Ikiwa ni kweli, njia zipo: Dawati la Jinsia na Watoto polisi, afisa ustawi wa jamii, na namba 116 ya watoto ambayo kuipiga ni bure. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa ya mtoto anayenyimwa haki kuipeleka kwa serikali ya mtaa. Kuandika tu kwenye grupu si kutoa taarifa.

Tena angalieni mnachoandika humo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Katika grupu la watu mia, wamo. Wanawasoma. Mkiandika "alifuata nini kule usiku?" au "mtoto wa kiume anabakwaje?", mnamfundisha mtu aliyenyamaza miaka kumi aendelee kunyamaza. Na wewe ambaye habari hizi zinakukosesha usingizi, acha kurudia ile sauti iliyorekodiwa. Ifute, mtafute mtu mzima unayemwamini mzungumze, kisha fanya kimoja katika haya niliyoyataja.

Limebaki la mashahidi. Kesi huchukua miezi. Ikiitwa msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, mama yuko shambani anaokota, mtoto amepelekwa kwa bibi yake, nauli ya kwenda wilayani haipo, kesi inaahirishwa mara ya pili na ya tatu, na mwisho inafutwa kwa kukosa mashahidi. Huku ndiko michango yenu inakohitajika. Grupu lichague watu wawili wa kufuatilia tarehe za kesi, mweka hazina atunze nauli na fedha ya chakula ya siku ya mahakama, na msaidizi wa kisheria wa wilaya aulizwe mapema, maana huduma yake ni bure chini ya sheria ya mwaka 2017. Wasimamizi, namba 116 iwekwe juu ya magrupu yenu usiku wa leo.

Ni mimi mzee wenu,
Mikindani, Mtwara