Tajiri wa kausha damu yuko nyumbani, kijana wake yuko ndani

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu enzi ambazo vijana wa stendi waliliuza kwa kupaza sauti vichwa vya habari, na katika miaka yote hiyo sijapata kukuandikia hata mstari mmoja, kwa kuwa kazi yangu ya ukarani wa mahakama ilinizoesha kuandika yasemwayo na wengine na kuyameza yangu. Taarifa yenu ya majuzi kuhusu washtakiwa wawili wa mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa inayotolewa bila leseni, imenishinda kumeza. Mliipamba kwa kichwa cha shangwe, kana kwamba Taifa Stars imeshinda ugenini, kisha katika aya ya mwisho kabisa, ambako wasomaji wengi hawafiki, mkatuarifu kwamba mshtakiwa wa kwanza, mwenye biashara, alilipa faini na kuondoka siku ileile, ilhali wa pili, aliyekuwa akimkusanyia marejesho, alishindwa kulipa na kupandishwa karandinga. Habari ilikuwa katika aya hiyo, Mhariri, na ninyi mliipitia kama mtu anayeruka dimbwi.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inasema kwamba anayefanya biashara ya kukopesha bila leseni, akipatikana na hatia, atatozwa faini isiyopungua shilingi milioni 20 na isiyozidi milioni 100, au atafungwa kwa muda usiopungua miaka miwili na usiozidi mitano, au vyote kwa pamoja. Kima hicho cha chini kiliwekwa, naamini, ili hakimu asije akamhurumia mkopeshaji. Sasa tupige hesabu. Tajiri aliyewakopesha watu 100 shilingi 200,000 kila mmoja kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi huvuna shilingi milioni 6 za riba kila mwezi, hivyo faini ile ya chini ataimaliza kwa mavuno ya miezi mitatu na siku chache, bila kugusa mtaji. Kijana wake anayelipwa shilingi 10,000 kwa siku angehitaji siku 2,000 za kazi, asile, asivae, asipande daladala. Adhabu ni moja katika karatasi, lakini mmoja ameandikiwa bei na mwingine ameandikiwa kifungo.

Nayasema haya nikiwa nimekalia pande zote mbili za meza. Mwaka 2021, nikiwa nimestaafu na mafao yangu yakiwa hayajakamilika, mke wangu aliugua, nikaenda kukopa shilingi 600,000 kwa bwana mmoja aliyekuwa na chumba nyuma ya duka la vipuri. Aliniomba kadi yangu ya benki pamoja na namba ya siri, kisha akanisainisha karatasi ambayo haikutaja mkopo popote: ilikuwa hati ya mauziano, ikieleza kwamba nimemuuzia friji, runinga na magodoro mawili, na kwamba fedha nimepokea zote. Mimi, karani niliyezipokea hati za namna hiyo mahakamani kwa miaka mingi, zikiletwa na wakopeshaji wanaojiita wanunuzi waliodhulumiwa, niliisaini nikijua ninachosaini, kwa sababu mgonjwa hangoji. Riba ilikuwa shilingi 180,000 kwa mwezi. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wenye leseni wa daraja la pili, wale wasiopokea amana; kwa mkopo wangu ingekuwa shilingi 21,000. Nililipa riba kwa miezi saba, jumla shilingi 1,260,000, na deni la awali likabaki palepale, halijapungua hata senti. Mwezi wa nane nilishindwa.

Aliyetumwa kuchukua vyombo alikuwa mtoto wa mtaa wa pili, kijana asiyefika miaka ishirini na miwili, ambaye marehemu baba yake tulisali naye. Aliniamkia shikamoo mlangoni, akaniomba radhi, akasema ametumwa. Alibeba friji na runinga. Magodoro aliyaacha, baada ya kumwona mke wangu amelala juu ya moja, na mbele yangu akaandika katika daftari la tajiri wake kwamba yamechanika na hayauziki. Kwa hiyo polisi walipofanya msako na kumkuta kijana huyo na daftari lenye majina yetu, nikaitwa kuwa shahidi, nilisimama katika chumba cha mahakama kilichofanana na kile nilichofanyia kazi zaidi ya miaka thelathini, nikaapa, nikaulizwa kama ninamtambua, nikajibu kwamba ninamtambua na kwamba ndiye aliyebeba friji. Hakuna aliyeniuliza habari za magodoro. Hakuna aliyeniuliza aliyemtuma yuko wapi, ingawa wakati ule alikuwa amehamishia chumba chake mtaa wa tatu na anaendelea kukopesha. Kijana alikiri, akaomba apunguziwe adhabu kwa kuwa ni kosa lake la kwanza na ana mama mjane, na hakimu, ambaye simlaumu, akasema mikono yake imefungwa na kima cha chini: milioni 20 au miaka miwili. Mama yule alikuwa na kiwanja kimoja na mashine ya kushonea. Afisa probesheni alikuwa na ofisi katika jengo hilohilo, mlango wa tatu kutoka chooni, na hakuombwa taarifa yoyote ya maisha ya mshtakiwa, wala sidhani kama alijua siku ile kuna kesi.

Sasa mtaniambia sheria ni msumeno. Lakini Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inairuhusu mahakama, pale inapoona kifungo kinachostahili hakizidi miaka mitatu, kumpa mkosaji kazi za jamii badala ya gereza, na miaka miwili, kwa hesabu ya shule ya msingi, ni pungufu ya mitatu. Nimewasikia mahakimu wakisema mlango huo hauhusu makosa yenye kima cha chini, na nimewasikia wengine wakisema hakuna aliyeufunga. Hatima ya mtuhumiwa ikabaki kutegemea jalada lake limepangiwa nani. Hata Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963, ile ya viboko 12 vya kuingia na 12 vya kutoka ambayo wazee wetu waliisimulia huku wakijishika mgongo, ilimwachia nafasi mkosaji wa mara ya kwanza aliyehusika na mali ya thamani ndogo na mwenye sababu maalumu. Mpwa wangu aliye wakili amenionyesha sheria za Singapore, nchi isiyosifika kwa huruma. Huko mkopeshaji asiye na leseni hutozwa faini na hufungwa, vyote viwili, na anaweza kuongezewa viboko. Hana ruhusa ya kuchagua kulipa na kwenda zake. Hata hivyo, kijana aliyetimiza miaka 16 lakini hajafikisha 21, na ambaye hajawahi kutiwa hatiani kwa kosa la aina hiyo, mahakama yao inaweza kumweka chini ya uangalizi hata kama kosa lina kima cha chini. Wao wamembana tajiri na kumwachia mtoto pumzi. Sisi tumefanya kinyume, kisha tunaandika vichwa vya habari.

Na kwa kuwa nimeshaanza, gazeti lako lieleze pia ni lini mara ya mwisho lilifuatilia wale wa kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu iliyafungia majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, tukashangilia. Mwezi huohuo mkwe wangu alipokea ujumbe kutoka kwa watu asiowajua ukimjulisha kwamba mimi ni tapeli na kwamba amshauri baba mkwe wake alipe, kwa deni ambalo sikukopa mimi bali jirani aliyekuwa na namba yangu katika simu yake. Anayetuma ujumbe wa namna hiyo hana hata shikamoo ya yule kijana, na sijasikia yuko gereza gani.

Ninalopendekeza ni dogo. Katika kifungu kile cha adhabu, kwa mwenye mtaji, neno «au» lifutwe na mahali pake liandikwe «na». Gharama ya wino serikali inaimudu. Kwa aliyetumwa, akiwa ni mkosaji wa mara ya kwanza na amekiri, sheria itamke waziwazi kwamba kima cha chini hakimhusu, na taarifa ya afisa probesheni iwe ya lazima kabla ya hukumu. Apewe kifungo cha nje cha miezi kumi na miwili, akabidhiwe daftari la tajiri wake na mkokoteni uliokodiwa kwa fedha ya faini ya tajiri huyo, arudishe vyombo nyumba kwa nyumba, kila kimoja kikipokelewa kwa saini ya mwenye mali na muhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Aanze na kwangu. Friji ni jeupe, mpini wake umevunjika kwa juu, na ndani kuna alama ya kiberiti aliyoiunguza mjukuu wangu. Mke wangu atalitambua hata likiletwa usiku.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Karani Mstaafu,
Morogoro