Raita ya DVD ya shangazi

Tanga, Jumapili usiku

Ndugu yangu Saidi,

Asalaam aleikum. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila mvua imetupigia kambi. Najua nimekuwa kimya tangu Idi, na najua unadhani nakukwepa kwa ile elfu arobaini. Sivyo. Haya, kidogo ni hivyo, lakini leo nina shida nyingine na wewe ndiye mtu wa Kariakoo.

Nataka raita ya DVD, ile mashine ya kompyuta ya kuchomea, yaani kurekodia, diski. Usicheke. Najua siku hizi watu ni flashi na simu, hata kompyuta mpya zinakuja bila mahali pa kuingizia diski. Shangazi Mwanaidi wa Pangani hana habari hizo. Deki yake ni ileile, ya kabla Zuhura hajaolewa, haina tundu la flashi, na amenitamkia mbele za watu kwamba video ya hitima ya babu anaitaka kwenye diski aiweke kwa mkono wake. Wenzake waliposikia nao wakataka. Sasa nadaiwa nakala kumi na nne na mashine ya kuchomea sina.

Yangu imekufa. Ilianza kwa kutoa ulimi yenyewe usiku, mama watoto akadhani jini. Halafu ikagoma kutoa kabisa, nikawa nanyoosha klipu ya karatasi, naichomeka kwenye kile kitundu cha mbele mpaka trei iteleze. Mwisho ikawa inasoma CD, DVD haizioni. Fundi akaniambia mwale wa CD na wa DVD ni mbalimbali, mmoja unaweza kufa mwingine ukabaki. Nilijua ananizuga ili anile pesa, kumbe kweli.

Basi nikaenda duka moja hapa mjini. Kijana akanihakikishia, "Mzee hii inaingia popote." Nafika nyumbani, nafungua kasha la kompyuta, naigeuza raita nyuma: safu mbili za pini, ile plagi ya zamani ya IDE, ya waya bapa kama utepe! Mashine yangu ina plagi za kisasa za SATA tupu, haziingiliani. Nimerudi, akaninyooshea kidole kikaratasi cha ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Sasa iko dirishani inazuia pazia lisipeperuke.

Kwa hiyo safari hii sinunui kwa maneno. Juma anasema nichukue ya nje, ile nyembamba ya USB, yenye spidi ya 8x kwa DVD, yaani mara nane ya spidi ya kawaida. Spidi wala siijali. Hata hizo za ndani zilizoandikwa 24x ningezishusha mpaka 8x, maana diski inaisha kwa dakika nane au kumi hivi, na ikichomwa polepole naona deki za kizee haziisomi kwa kigugumizi. Kinachonitia wasiwasi ni umeme wake. Inakula kwenye USB peke yake, na matundu ya kompyuta yangu unayajua, hata flashi inakatikakatika. Ya ndani ina waya wake kutoka pawa saplai, haibembelezi mtu. Nguvu ikipungua katikati, DVD-R haifutiki, ndiyo imekwisha. Nimeshaharibu tisa. Mjomba Hamisi anazidai akazitundike kwenye mpunga wake Mombo kutishia ndege. Nadhani yeye ndiye pekee anayeniombea niendelee kukosea.

(Tatu kati ya hizo ni ujinga wangu. Nilinakili faili la MP4 kama lilivyo, shangazi akaweka, deki ikaandika NO DISC. Zile deki zinataka itengenezwe DVD ya video hasa, na diski ifungwe mwishoni kwa programu ya kuchomea, la sivyo hola.)

Nilikuwa nimeshaamua ya ndani. Halafu jana, nikiwa naandika barua hii hii, umeme ukakatika. Hapo ndipo nikakumbuka: ya nje naweza kuichomeka kwenye laptopu ya Mwalimu Kombo, betri ikashika, hata mtaa mzima uwe giza. Ya ndani umeme ukienda na yenyewe imeenda. Nimevunjika moyo kabisa, maana nilikuwa nimeshaipenda ya ndani, na bei yake ni nafuu.

Kuna mwingine ananishawishi nichukue ya Blu-ray, zile diski zilizokuja baada ya DVD, eti moja inabeba GB 25. Za nini? Hitima yenyewe saa moja na robo, inaenea kwenye GB 4.7 za DVD na nafasi inabaki, na deki ya shangazi haiwezi kuisoma Blu-ray hata uisomee dua.

Sasa nijibu upesi. Wewe ungechukua ipi? Hiyo ya nje siku hizi inauzwaje pale, mpya na ya mtumba? Watakuruhusu kuchoma diski moja palepale kabla hujatoa pesa? Na DVD-R tupu, zile za mnara wa hamsini, bado zipo, au zimebaki DVD+R, ile aina nyingine ambayo deki ya shangazi huitema? Unaweza kuifunga vizuri ukaitia kwenye basi la asubuhi, ukanipa namba ya konda? Na ile elfu arobaini, tukiijumlisha na ya raita si linakuwa deni moja, rahisi kukumbuka?

Wako,
Athumani